Kiu Kabla ya Tamasha

Katika kliniki za utengamao hutokea mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo akarudi akiwa na homa, mwili unatetemeka kwa baridi na mkojo una harufu kali. Vipimo huonyesha maambukizi katika njia ya mkojo. Dawa hutolewa, na mgonjwa hukumbushwa jambo alilofundishwa siku aliporuhusiwa kutoka wodini: anywe maji ya kutosha. Ni mara chache huulizwa kwa nini hakuyanywa.

Chukua mfano wa kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda. Baada ya miezi ya mazoezi amejifunza kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo, kuoga, kuvaa, na kutoa mkojo kwa mpira mwembamba, yaani katheta, kila baada ya saa nne hadi sita. Jalada lake linasema maendeleo ni mazuri. Jumamosi usiku bendi aipendayo inapiga katika ukumbi ulio karibu na kwao, na rafiki zake wamekwisha kumnunulia tiketi. Kijana anafahamu kwamba choo cha ukumbi huo kimepandishwa ngazi nne, na mlango wake ni mwembamba kuliko kiti chake. Basi tangu asubuhi hanywi kitu. Usiku anakwenda, anafurahi, anarudi alfajiri. Jumanne yuko kliniki. Muuguzi akimwuliza imekuwaje, anajibu kwa ufupi: "Sista, nilikuwa na shughuli."

Ugonjwa wa kijana huyu umeanzia kwenye ngazi nne. Hakuna dawa ya kumeza itakayoziondoa, na mgonjwa hawezi kuzibomoa peke yake. Ndiyo maana ufikivu wa kumbi za muziki, maigizo, filamu na michezo ni jambo linalowahusu wahudumu wa afya sawasawa na linavyowahusu wajenzi na waandaaji wa burudani.

Haki iliyoandikwa

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani takriban 16 kati ya kila watu 100, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Wengi wao hawatumii kiti mwendo. Wamo viziwi na wasiosikia vizuri, wasioona na wenye uoni hafifu, wenye ualbino, wenye kifafa, wenye usonji, wazee ambao magoti hayawaruhusu kupanda ngazi, na waliopata kiharusi wakabaki na upande mmoja dhaifu. Ukumbi uliojaa watu ambao wote wanaweza kupanda ngazi, kusimama saa tatu na kusikia kila neno ni ukumbi uliokwisha kuwaacha wengi nje ya lango.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inahusu ushiriki katika utamaduni, burudani, mapumziko na michezo, na inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanafika mahali penye maonyesho, kama vile kumbi za maigizo, sinema na makumbusho. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Zanzibar ilikuwa imetangulia kutunga yake mwaka 2006. Kwa hiyo anayedai nafasi ya kuketi katika onyesho la taarabu haombi hisani.

Wapo wanaodhani kwamba burudani ni anasa, na kwamba mwenye ulemavu atosheke kwanza na matibabu, shule na ajira. Fikra hiyo haizingatii namna binadamu wanavyoishi. Katika jamii za Kiswahili mtu hujulikana kwa kuonekana: kwenye harusi, kwenye ngoma, uwanjani, mbele ya runinga ya kijiweni siku ya mechi. Aliyeacha kuonekana huanza kusahauliwa, kisha mwaliko haumfikii tena. Upweke wa namna hiyo ni njia mojawapo iendayo kwenye sonona, na mtu mwenye sonona huacha mazoezi, husahau dawa na hupuuza ngozi yake mpaka kidonda kitokee. Tiba yote ya miezi mingi yaweza kupotea hapo.

Mnyororo na pete zake

Kuhudhuria onyesho ni mnyororo wenye pete nyingi: taarifa, tiketi, usafiri, lango, njia ya ndani, mahali pa kuketi, choo, na njia ya kurudi nyumbani. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi. Ukumbi wenye njia nzuri ya mteremko langoni na choo kisichoingilika bado humrudisha mtu nyumbani, au humkalisha na kiu.

Pete ya kwanza ni taarifa, nayo ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote. Matangazo hutaja bei, saa na majina ya wasanii. Si kawaida yataje kama kuna ngazi, kama choo kinafikika, au kama kuna mahali pa kuketi katika onyesho la kusimama. Mistari miwili ya ukweli ingetosha. Hata ukweli mchungu una faida, kwani mtu aliyeambiwa kwamba kuna ngazi sita huweza kujipanga. Aidha, namba ya kuulizia iwe inayopokea pia ujumbe wa maandishi, maana kiziwi hawezi kupiga simu.

Kuhusu tiketi, Marekani imetoa mfano unaofaa kutazamwa. Chini ya sheria yake ya mwaka 1990 na kanuni zilizofuata, nafasi za watu wenye ulemavu zinapaswa kuuzwa kwa njia zilezile na saa zilezile zinapouzwa nafasi nyingine, na kila nafasi ya kiti mwendo iwe na kiti cha mwenzi ubavuni. Viwango vya nchi hiyo vinataja pia idadi: ukumbi wa viti 300 uwe na nafasi zisizopungua 5 za viti mwendo, na ukumbi wa viti 1,000 uwe na 10. Kiti cha mwenzi si jambo dogo. Mtu huenda kwenye muziki ili awe pamoja na wengine. Akitengwa pembeni na mlinzi huku mkewe yuko safu ya kumi, amehudhuria onyesho bila kuhudhuria pamoja na wake.

Mteremko, mlango na macho

Njia ya mteremko ina hesabu yake. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu wa njia uwe sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 huhitaji njia ya meta 1.8. Ngazi nne za sentimita 15 kila moja hufanya sentimita 60, nazo huhitaji meta 7.2. Mbao mbili zilizoegemezwa juu ya ngazi hizo dakika za mwisho ni hatari, kwa sababu kiti hupinduka kinyumenyume na kichwa cha aliyeketi hugonga sakafu. Mlango nao uache uwazi usiopungua sentimita 80 unapofunguliwa.

Baada ya kuingia kuna suala la kuona. Macho ya aliyeketi kwenye kiti mwendo huwa chini sana ya macho ya aliyesimama. Wimbo unaopendwa ukianza na umati ukainuka, aliyeketi huona migongo. Dawa yake ni jukwaa dogo lililoinuliwa, lenye ukingo na njia ya mteremko, mahali ambapo mtu huona juu ya vichwa vya waliosimama. Jukwaa hilo laweza kutengenezwa kwa mbao na fundi wa mtaani, likafunguliwa na kuhifadhiwa hadi onyesho lijalo.

Majengo ya kale yana ugumu wake. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ni miongoni mwa mahali mashuhuri pa maonyesho katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limefanyika humo kwa miaka mingi. Mji Mkongwe wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kuta zake haziruhusiwi kuvunjwa ovyo. Waliojenga ngome walikusudia kumzuia adui asiingie, wala hawakuwaza mtazamaji mwenye magongo. Hata hivyo, kuulinda urithi si kumzuia mtu. Njia ya mteremko isiyogongomewa ukutani, mikeka migumu inayotandazwa juu ya ardhi isiyo sawa, choo cha kubebeka chenye nafasi ya kiti, na sehemu tambarare iliyotengwa mbele ya ngazi za kuketia vyote huletwa na kuondolewa bila kugusa jiwe hata moja. Mkataba uliotajwa juu nao unataka kumbukumbu na maeneo ya urithi yafikike kwa kadiri iwezekanavyo.

Masikio, macho, ngozi na ubongo

Ulemavu mwingine hauonekani langoni. Mtu anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia huweza kukaa mbele ya spika kubwa akasikia kelele tupu, kwa sababu kifaa hukuza kila sauti pamoja na mwangwi wa ukumbi. Vifaa vingi vina koili ndogo inayopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya uliozungushwa ukumbini na kuunganishwa na maikrofoni. Pale waya huo ulipo, anayevaa kifaa hubadilisha swichi akasikia maneno ya mwigizaji bila vurugu. Kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama awekwe mahali penye mwanga, karibu na jukwaa, naye apewe mashairi na mazungumzo siku kadhaa kabla. Hakuna anayeweza kufasiri fumbo la taarabu alilolisikia mara moja tu.

Mtu mwenye ualbino anayekwenda uwanjani mchana hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: jua linaloichoma ngozi isiyo na kinga ya asili, na uoni hafifu unaomfanya asione kinachotokea mbali. Anahitaji nafasi yenye kivuli na iliyo karibu. Mara nyingi nafasi za kivuli ni za bei ya juu, na za bei nafuu ni za jua kali. Mwandaaji anayempa nafasi ya kivuli kwa bei ya kawaida anasaidia kuzuia saratani ya ngozi, ijapokuwa kazi yake ni muziki au mpira.

Taa zinazowaka na kuzimika kwa kasi zaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Hao ni wachache, takriban 3 kati ya kila watu 100 wenye kifafa, lakini tangazo langoni kwamba taa za namna hiyo zitatumika humwezesha mtu kuamua mapema. Kwa mtoto mwenye usonji, chumba kimoja tulivu ambako anaweza kupumzika dakika kumi kisha akarudi ndicho kinachoamua kama familia nzima itabaki au itaondoka.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya usikilizaji salama katika kumbi na matamasha. Viwango hivyo vinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika dakika 15, kiwango kipimwe wakati wa onyesho, hadhira ipewe vizibo vya masikio, na kuwe na mahali patulivu pa kupumzisha masikio. Mahali hapo ndipo mtoto mwenye usonji anapopahitaji. Kilichowekwa kwa ajili ya wachache kinayalinda pia masikio ya wote, pamoja na ya wanamuziki wenyewe.

Wapigao nao

Ufikivu huzungumzwa kana kwamba mwenye ulemavu daima ni mtazamaji. Kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa liliipinga dhana hiyo kwa vitendo. Waasisi wake walikuwa watu waliopooza miguu kwa polio utotoni, wakipiga muziki mitaani wakiwa juu ya baiskeli za magurudumu matatu walizozitengeneza wenyewe. Albamu yao ya mwaka 2009 na filamu ya mwaka 2010 iliyosimulia safari yao ziliwafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Jina lao, kwa Kilingala, lina maana ya kutazama kilicho nyuma ya umbo la nje. Ukumbi wenye njia ya mteremko kwa watazamaji lakini ngazi tupu za kupandia jukwaani unatangaza, bila kusema neno, nani anatarajiwa kupiga na nani anatarajiwa kupiga makofi tu.

Saa ya dharura

Kuna hali moja ambayo kila kikosi cha huduma ya kwanza katika tamasha kinapaswa kuijua. Mtu aliyeumia uti wa mgongo katika sehemu ya shingo au ya juu ya kifua anaweza kupandwa ghafla na shinikizo la damu kwa sababu ya kibofu kilichojaa, choo kigumu, mkanda uliobana au kidonda. Dalili zake ni kichwa kuuma kwa nguvu, uso kuwa mwekundu au kuhisi joto, na jasho juu ya usawa wa jeraha. Hali hii yaweza kusababisha kiharusi. Mtu huyo asilazwe; aketishwe wima, nguo na mikanda ilegezwe, kibofu kitolewe mkojo au katheta iangaliwe kama imejikunja, na asipopata nafuu mara moja apelekwe hospitali. Ukumbi usio na choo kinachofikika huijenga hali hii kwa mikono yake.

Watu hao pia huenda wasitokwe na jasho chini ya usawa wa jeraha, hivyo mwili hushindwa kujipoza. Katika ukumbi uliofurika wakati wa joto la Januari, maji ni kinga. Kijana aliyejinyima maji ili kukwepa choo amejiondolea kinga hiyo katika usiku anaoihitaji zaidi.

Moto au taharuki ikitokea, mlango wa dharura wenye ngazi haumsaidii aliye kwenye kiti. Mpango wa kuokoa watu utaje nani atamsaidia, kwa njia ipi, na mahali gani salama pa kusubiri. Aidha, walinzi wafundishwe jambo moja la adabu ambalo pia ni la usalama: wasimwinue mtu wala kukishika kiti chake kabla ya kumwuliza. Mtu anayeinuliwa kwa kwapa na wageni wawili huweza kuteguka bega, na bega ndilo mguu wake.

Swali moja kliniki

Kazi ya mhudumu wa afya huanza na swali rahisi: kabla ya kuumia au kuugua, ulikuwa ukipenda kwenda wapi? Jibu likiandikwa kwenye jalada, linakuwa lengo la tiba. Mtaalamu wa fiziotherapia atajua ni umbali gani mgonjwa afanye mazoezi ya kuusukuma mwenyewe. Muuguzi atapanga naye saa za katheta kuanzia saa ya onyesho kurudi nyuma, ili anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa badala ya kuyaacha, na atoe mkojo kabla ya kuondoka nyumbani. Atamkumbusha kubeba katheta ya akiba, maji na sabuni, na kuinama mbele au kujiinua kitini kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata wimbo ukiwa mtamu, ili vidonda vya mgandamizo visimpate.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Apige simu au atume ujumbe siku chache kabla, aulize kuhusu ngazi, upana wa mlango wa choo, mahali pa kuketi na mahali bajaji inapoweza kumshusha. Maswali ya watu kumi katika mwezi mmoja humfundisha mwenye ukumbi kuliko barua moja ndefu ya malalamiko.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mhandisi anayetembea anaweza kupima mteremko kwa futi kamba, lakini anayeujua uzito wake ni anayeusukuma. Huko Uingereza taasisi iitwayo Attitude is Everything, iliyoanzishwa mwaka 2000, imeijenga kazi yake juu ya msingi huo: watu wenye ulemavu huenda kwenye maonyesho kama wateja wengine, kisha huandika walichokikuta. Ukumbi unaojirekebisha hupewa daraja la shaba, la fedha au la dhahabu. Kikundi cha wagonjwa wa kliniki moja katika mji wowote wa Afrika Mashariki chaweza kuanza vivyo hivyo, kwa daftari, kalamu na futi kamba, kikiandamana na mwanafunzi wa utengamao.

Marekebisho mengine yatachukua miaka na fedha nyingi. Lakini choo kimoja kilichopanuliwa mlango na kuwekewa njia ya mteremko na vishikizo viwili ukutani ni kazi ya siku chache kwa fundi mwashi na seremala. Kazi hiyo ikikamilika, mafanikio yake hayatahitaji sherehe. Yataonekana Jumamosi mchana, nyumbani kwa yule kijana, akinywa maji kama kawaida huku akisubiri rafiki zake waje kumchukua.